Mbwa Kali: Historia Ambayo Geti Halikwambii

Wasee, kuna kitu sisi Wakenya tumekiona mara nyingi hadi hatukioni tena: kile kibao cha "MBWA KALI" kwenye geti. Kiko Karen, kiko Kileleshwa, kiko Kitengela, kiko hata kwa ploti ambayo haina mbwa wala paka. Watalii wanakinunua kama ukumbusho na kwenda kukitundika ukutani kwao. Lakini hebu kisome tena, polepole. Mwalimu wa Kiswahili angekitia kalamu nyekundu, kwa sababu ni mbwa mkali, si mbwa kali. Hicho si Kiswahili cha Lamu wala cha Mvita. Ni Kiswahili cha amri, kile kilichoitwa Kisetla, ambacho mzungu mwenye shamba alikitumia kuongea na mpishi wake, bawabu wake na mchunga ng'ombe wake. Katika lugha hiyohiyo mbwa aliitwa "umbwa". Na mpaka leo, mtu wa Nairobi akitaka kukutusi vizuri hasemi "mbwa". Anasema "umbwa".

Nimeanza hapo kwa sababu kila nikiposti kuhusu kuasili mbwa kutoka kituo cha wanyama, majibu huwa mawili. La kwanza: "Hizo ni tabia za wazungu." La pili: "Mwafrika hapendi mbwa, ndivyo tulivyo." Yote mawili yanajifanya historia. Basi leo tufanye historia yenyewe, halafu mwisho niwaambie mimi naonaje.

Kabla ya geti

Mbwa hakuletwa Afrika na meli ya mzungu. Wamisri walimchora kwenye kuta za makaburi yao maelfu ya miaka iliyopita, mwingine akiwa na jina lake limeandikwa pembeni. Katika misitu ya Kongo, wawindaji wamekuwa na mbwa mdogo ambaye habweki kama wengine. Wanamfunga kengele ya mbao shingoni ili wasikie amefika wapi kichakani. Hapa kwetu, Waokiek wa msitu wa Mau wamewinda na mbwa kwa vizazi na vizazi. Kwa wafugaji, mbwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua fisi amekaribia boma.

Sidanganyi mtu kwamba mbwa huyo alilala kitandani. Hakuvalishwa sweta na hakukatiwa keki ya siku ya kuzaliwa. Alikula mabaki na alilala nje. Lakini alikuwa na kazi, na alikuwa na wenyewe. Ukiuliza "huyu ni wa nani?" ulipata jibu.

Pwani hadithi ina mkondo wake. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ndiyo maana wahenga wakasema mchezea mbwa huingia naye msikitini. Lakini dini hiyohiyo inasimulia habari ya mtu aliyemkuta mbwa akiramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akampa, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Tena wale vijana wa pangoni wanaotajwa kwenye Kurani walikuwa na mbwa wao mlangoni. Kwa hivyo kutomwingiza mbwa nyumbani ni jambo moja, na kumpiga mawe ni jambo lingine kabisa. Watu wengi wanayachanganya haya mawili kwa sababu inawafaa.

Mbwa anapokosa kazi

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Baada yake wakaja masetla, na masetla walikuja na mbwa wao. Mmoja wao, Jim Elkington, alikuwa na kundi zima la mbwa wa kuwinda karibu na Nairobi. Kwao Uingereza mbwa wa aina hiyo hukimbiza mbweha mwekundu. Huku mbweha huyo hayupo, kwa hivyo waliwakimbiza bweha, wanaume na wanawake wakiwa juu ya farasi kana kwamba wako kwao.

Wakati huohuo, serikali ya kikoloni ilikuwa inaandika sheria za wanyamapori. Aliyeweza kununua leseni aliwinda na akaitwa mwanaspoti. Mwafrika aliyeingia msituni na upinde na mbwa wake, kama baba yake na babu yake, alikuwa mwizi wa wanyama. Fikiria maana ya hilo kwa mbwa. Kazi yake kubwa ya maelfu ya miaka ilifanywa kosa la jinai. Alibaki pale kijijini na pale mtaani, lakini bila kazi. Na mnyama asiye na kazi machoni pa watu anageuka kuwa kero.

Kisha akapewa jina. Masetla waliwaita mbwa wa Waafrika "mbwa shenzi". Neno lenyewe halikuwa lao. Pwani lilikuwa likitumika kwa watu wa bara, waliohesabiwa kuwa hawajastaarabika. Mzungu aliliokota na kulibandika kwa mbwa ambaye hana cheti cha ukoo. Hata yule mbwa mdogo wa Kongo, ambaye leo anashinda mashindano ya urembo wa mbwa Ulaya na Marekani, anaitwa Basenji, na jina hilo kwa kawaida hufafanuliwa kuwa na maana hiyohiyo ya watu wa porini. Yaani tusi limekuwa jina la aina ya mbwa wa bei ghali. Sisi tuliobaki na mbwa mwenyewe tumebaki na tusi.

Huruma ilikuwa ya nani?

Sehemu hii ndiyo inaumiza, kwa hivyo nitaenda polepole.

Machi 1907, setla mmoja maarufu, Ewart Grogan, aliwachapa viboko hadharani wanaume watatu Wakikuyu waliokuwa wakivuta rikisho. Aliwachapa mbele ya mahakama ya Nairobi, umati wa wazungu ukitazama. Kosa walilodaiwa kufanya ni kukosa adabu kwa wanawake wa kizungu. Grogan alihukumiwa kifungo kifupi, na maisha yake yakaendelea. Kuna jumba kubwa katikati ya jiji alilolijenga na ambalo unapita kando yake kila siku.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1910, katika mji huohuo, ilianzishwa jumuiya ya kuzuia ukatili kwa wanyama Afrika Mashariki.

Sisemi jumuiya hiyo ilikuwa mbaya. Ng'ombe na nyumbu waliokokota mizigo kuingia Nairobi waliteseka kweli, na aliyewatetea alifanya vizuri. Nachosema ni hiki: babu zetu walikuwa na macho. Waliona mji ambapo kulikuwa na kikao cha kujadili maumivu ya ng'ombe, na kiboko cha mfanyakazi bado kinaning'inia ukutani. Ukikulia hapo, huruma kwa wanyama utaiona kama mali ya mtu mwingine, kama klabu ambayo hukualikwa.

Mwaka 1912 kikaja kitu kingine. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini, kwa mbwa mmoja pembeni mwa Nairobi. Ugonjwa huo ni wa kutisha, na hofu yake ilikuwa ya haki. Lakini jibu la serikali, wakati huo na kwa miaka mingi baadaye, lilikuwa leseni kwa mbwa wa wenye nacho, na risasi au sumu kwa mbwa anayeonekana hana mwenyewe. Na kwa kuwa mbwa wa kienyeji siku zote alitembea huru, yeye ndiye aliyeonekana hana mwenyewe.

Jiwe na risasi

Sasa nawapa kisa ambacho hakikosi kunishtua, na nashangaa kwa nini hatufundishwi shuleni.

Oktoba 1959, Nairobi. Mwanamume mmoja Mwafrika, Kamawe Musunge, aliyefanya kazi za nyumbani, aliwarushia mawe mbwa wa mzungu anayeitwa Peter Poole. Poole alitoka na bastola akampiga risasi. Musunge akafa.

Nairobi ya wakati huo ilijua jinsi kesi kama hiyo huisha. Safari hii haikuisha hivyo. Juri ya wazungu watupu ilimpata Poole na hatia ya kuua kwa kukusudia. Rufaa zikagonga ukuta. Maelfu ya watu wakatia sahihi maombi ya kumwokoa. Gavana Patrick Renison akakataa. Agosti 18, 1960, Poole alinyongwa Nairobi, akawa mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika.

Watu wakikumbuka kisa hicho, wanakumbuka kamba. Mimi nakumbuka jiwe. Kwa nini mtu anayepita njiani anaokota jiwe akiona mbwa? Kwa sababu mbwa wa geti lile hakufugwa kwa ajili ya wezi tu. Alifundishwa, kwa makusudi au kwa kuiga hofu ya mwenyewe, kwamba mtu mweusi anayepita ndiye hatari. Na sisi nasi tukafundishwa kwamba mbwa ni mkono wa pili wa mwenye geti. Ngũgĩ wa Thiong'o aliliona hili. Katika A Grain of Wheat, riwaya yake ya 1967, kuna mbwa wa Dr. Lynd aliyekatwakatwa wakati wa Hali ya Hatari, na kuna Karanja anayeokota jiwe mbwa mwingine akimjia mbio, halafu yeye ndiye anayekaripiwa. Ukiisoma sehemu hiyo ukiwa Mkenya, mkono wako wenyewe unajua uzito wa jiwe hilo.

Kwa hivyo mtu akiniambia "Mwafrika hapendi mbwa", namjibu: Mwafrika alikuwa na mbwa. Kisha akanyang'anywa mbwa wa kuwinda, na akawekewa mbwa wa kumng'ata. Mpe muda.

Na hao wazungu?

Tusiwapambe nao bure. Uingereza, ambayo leo tunaambiwa ni nchi ya wapenda mbwa, ilipitisha sheria yake ya kwanza ya kulinda wanyama mwaka 1822, na mbwa hakuwemo. Ilikuwa ya ng'ombe, farasi na kondoo, yaani wanyama wa pesa. Mbwa alisubiri hadi 1835. Jumuiya yao ya kwanza ilianzishwa 1824 katika mkahawa wa kahawa London, na mmoja wa waanzilishi alikuwa William Wilberforce, yule wa vita dhidi ya biashara ya watumwa.

Makao ya mbwa waliopotea yalianza 1860, mtaa wa Holloway, London. Aliyeyaanzisha alikuwa mwanamke, Mary Tealby. Magazeti yalimcheka. Yaliuliza nini? Unajua tayari: iweje ulishe mbwa na watu wana njaa? Lile swali unalotupiwa ukiposti picha ya mbwa wako lina zaidi ya miaka 160, na halikuanzia Afrika. Tealby alifariki 1865, kabla makao yake hayajahamia Battersea mwaka 1871, ambako yapo hadi leo.

Marekani ilikuwa mbaya zaidi. New York walikuwa wanawafungia mbwa wa mitaani ndani ya kizimba cha chuma na kukizamisha mtoni. Siku moja ya Julai 1877 walizamisha zaidi ya 700. Waliokuwa wanaonyesha njia nyingine walikuwa wanawake wa Philadelphia, wakiongozwa na Caroline Earle White, ambao kuanzia 1869 walijipanga na kufungua makao badala ya kizimba.

Somo langu hapo ni dogo. Hakuna taifa lililozaliwa likipenda mbwa. Kila mahali kulikuwa na mtu, mara nyingi mwanamke aliyechekwa, aliyeamua kwamba mbwa asiye na mwenyewe anaweza kupata mwenyewe. Basi kuasili mbwa si tabia ya kizungu. Ni kazi ambayo wazungu walianza wakichekwa, na sisi tunaanza tukichekwa.

Kienyeji

Ile jumuiya ya 1910 haikufa. Ilibadilika jina na ikabadilika uso, na leo ndiyo KSPCA. Siku hizi si yenyewe tu. Kuna vituo vingine na watu binafsi wanaookoa wanyama. Ukiingia kituo chochote kati ya hivyo, utaona mbwa wa aina gani hasa? Kienyeji. Mwenye rangi ya udongo, masikio nusu juu nusu chini, mkia umejikunja.

Na hapa ndipo nina kesi na kizazi chetu. Kuku wa kienyeji tunamlipia zaidi. Tunasema ana ladha, hana kemikali, ni imara, haugui ovyo. Mboga za kienyeji, managu na terere, zimerudi hadi kwenye hoteli kubwa. Lakini ikifika kwa mbwa, ghafla tunataka Japanese Spitz mweupe kama sufuria mpya, au German Shepherd wa kupiga naye picha. Tunalipa maelfu kwa mtu wa mtandaoni ambaye hatujui anawazalisha hao mbwa katika hali gani. Mbwa mwenye manyoya ya theluji anawekwa kwenye jua la Syokimau, halafu tunashangaa anahema. Wakati huohuo yule ambaye mwili wake umezoea hewa hii, chakula hiki na magonjwa haya kwa karne nyingi, tunamwita chokoraa.

"Shenzi" haikuondoka na masetla. Tuliiweka sisi, tukaipaka rangi.

Wangu niliyemchukua kituoni anaitwa Githeri, kwa sababu ni mchanganyiko usioeleweka. Sikuambiwa tu "chukua uende". Niliulizwa naishi na nani, kuna ua, mwenye ploti anaruhusu, nikisafiri nani atamlisha. Mtu alikuja hadi kwangu kuona. Githeri alikuwa tayari amechanjwa, amepewa dawa ya minyoo na amefungwa kizazi. Rafiki zangu walicheka, wakasema kupata kazi Nairobi ni rahisi kuliko kupata mbwa wa bure. Lakini hebu fikiri: kwa zaidi ya miaka 100 swali katika mji huu lilikuwa "mbwa huyu anakufaa?" Pale, kwa mara ya kwanza, niliulizwa kama mimi namfaa mbwa.

Lakini watoto wanalala nje

Najua. Na si swali la kijinga, kwa hivyo nalijibu kwa heshima.

Kichaa cha mbwa bado kinaua Kenya. Mpango wa kitaifa wa kukimaliza, uliozinduliwa 2014 na unaolenga 2030, ulikuja na makadirio ya hadi watu 2,000 kwa mwaka. Duniani ni karibu watu 59,000, na takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Watoto wa chini ya miaka 15 wamo kwa wingi mno, kwa sababu wao ndio wanaocheza nje na ndio wasiosema wameumwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Na si watoto wa Runda wanaokufa. Ni watoto wa vijijini na wa mitaa ambako mbwa ni wengi na chanjo ni chache.

Tumejaribu risasi na sumu tangu enzi za mkoloni, na ugonjwa bado upo. Sababu inaeleweka: ukiua mbwa wa mtaa huu, takataka bado zipo, kwa hivyo wa mtaa wa pili wanahamia na kuzaana, na hakuna hata mmoja aliyechanjwa. Kinachofanya kazi ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka baada ya mwaka. Na huwezi kuchanja mbwa ambaye kila mtu anamrushia mawe. Lazima kuwe na mtu anayeweza kumshika. Anayemlinda mbwa wa mtaa anamlinda mtoto wa mtaa. Hivyo ndivyo hesabu ilivyo.

Msimamo wangu

Kwanza, kama unaishi bedsitter ghorofa ya sita na unatoka saa kumi na moja asubuhi kurudi saa tatu usiku, usiasili mbwa. Haujakosa utu. Badala yake, jiunge na majirani mpeleke wale wa mtaa chanjo. Septemba 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na karibu na tarehe hiyo mara nyingi kuna chanjo ya bure. Ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti yako.

Pili, kama una nafasi na muda, pita kituoni kabla hujamtumia muuzaji doo.

Tatu, acheni ile desturi ya kumfungia mbwa kwenye kibanda cha giza mchana kutwa ili usiku atoke akiwa mkali. Hiyo ni desturi ya geti la zamani. Mbwa wa hivyo hajui mwizi ni nani. Anajua tu kila mtu ni adui, na siku moja adui atakuwa mtoto wa jirani aliyefuata mpira.

Nne, ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri uone mbwa atakuwaje.

Na mzazi akikwambia mbwa ni wa nje na hana maana, usimbishie kwa jeuri. Muulize alipokuwa mdogo walikuwa na mbwa, na aliitwa nani. Wangu alifikiri kidogo, akacheka, akataja jina. Kisha akaongea nusu saa kuhusu mbwa aliyekuwa akimsindikiza mtoni kuteka maji kila jioni, mbwa wa kienyeji, ambaye siku moja hakurudi kwa sababu walipita watu wa sumu.